Nineteen Kitambo

Mama alinipigia simu jioni moja ya Februari 2017, na kabla hata hajanisalimia vizuri alikuwa ameanza kucheka.

"Umesikia ya Tata?"

"Tata gani?"

"Tata wetu wa huku chini karibu na mto. Wamemwambia ana miaka mia moja na miwili."

Tata si dada ya Mama kwa damu. Waliolewa kijiji kimoja, wakachuma kahawa mashamba yanayopakana, wakabebeana watoto, na sisi tukakua tukimwita Tata kwa sababu hakukuwa na jina lingine la heshima lililomtosha. Siku hiyo alikuwa ameenda ofisi ya chama cha ushirika cha kahawa kuomba advansi ya karo. Mjukuu wake alikuwa amefanya KCPE mwaka uliotangulia, akaitwa shule ya bweni, na kama ilivyo kawaida kwetu Murang'a, karo inaombwa kahawa kabla kahawa yenyewe haijalipa.

Karani alibonyeza kompyuta, akamtazama, akabonyeza tena. Kisha akamwuliza kwa adabu kama yeye ni binti wa mwenye namba hiyo ya uanachama. Tata akasema ni yeye mwenyewe. Karani akasema haiwezekani. Mwenye namba hiyo alizaliwa 1915, na kamati ilikuwa imeamua mwaka uliopita kwamba kila mwanachama aliyepita miaka mia asimamishwe malipo mpaka warithi wake waje na stakabadhi.

"Sasa Tata akamwuliza," Mama akasema, akikata maneno kwa kicheko, "'Kwa hivyo mimi hapa ni nani, mzimu?'"

Nilicheka mpaka abiria wenzangu kwenye matatu wakanigeukia. Nikamwambia Mama kwamba Tata ni wa nineteen kitambo kweli. Tukacheka tena. Halafu nikashuka stage, nikasahau.

*

Tusimame kidogo kwenye hayo maneno, nineteen kitambo. Kila Mkenya anayajua. Ukitaka kusema jambo ni la zamani sana, hata mwaka wake haukumbukwi, unasema lilitokea nineteen kitambo. Nusu ya kwanza ni ya Mwingereza, nusu ya pili ni yetu. Ni mzaha, lakini ndani yake kuna uelewa wa lugha ambao mwalimu wangu wa Kiingereza hakuwahi kunifundisha: Mwingereza anapotaja mwaka hahesabu, anakata. Anachukua tarakimu nne, anazigawa katikati kama mkate, anasoma kipande cha kwanza, kisha cha pili. 1963 ni "nineteen" halafu "sixty-three". 1895 ni "eighteen ninety-five". Hata ule mwaka ambao kila mtoto wa Uingereza hufundishwa, 1066, mwaka Wanormani walipoiteka nchi yao, ni "ten sixty-six".

Angekuwa anataja bei, asingesema hivyo. Shilingi 1,950 anaziita "one thousand nine hundred and fifty". Lakini mwaka wa 1950 ni "nineteen fifty", maneno mawili tu. Ni kama jina la ukoo na jina la mtoto. "Nineteen" ndio ukoo, karne nzima, na kila mwaka ndani yake ni mtoto wa nyumba hiyo. Ndiyo maana tukaweza kumtoa mtoto mmoja na kumweka Kitambo mahali pake, na bado kila mtu akaelewa ni wa nyumba gani.

Kiswahili hakikati. Kiswahili kinahesabu mwaka jinsi kinavyohesabu pesa au mbuzi: elfu moja, mia tisa, na hamsini. Hakuna ukoo hapo. Ni rundo kubwa, rundo la kati, rundo dogo, na vyote vinawekwa mezani mtu aone. Ukimsikiliza mtangazaji wa habari za saa moja usiku akisoma mwaka, unaweza kuchota chai na kurudi kabla hajamaliza. Kwa hivyo sisi mitaani tumejifunza njia za mkato. Mapinduzi yaliyoshindwa ni ya themanini na mbili. Uhuru ni sitini na tatu. Mvua ya El Niño ni ya tisini na saba. Tunatupa elfu na mia, tunabaki na mkia, na mara nyingi hata huo mkia tunautaja kwa Kiingereza: "eighty-two", "sixty-three". Wazee wakitaka kukwambia jambo ni la kale wanasema ni la mwaka wa arobaini na saba, na hawajali kabisa ni arobaini na saba ya karne gani.

Mimi nimeyawaza haya sana kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ninaandika maneno ya watu wengine. Mtu mahali fulani Marekani anarekodi mkutano, au mahojiano, au hadithi za babu yake. Sauti inapanda kwenye mtandao, mimi ninaishusha hapa Nairobi, navaa vipokea sauti masikioni, nachapa neno kwa neno. Ninalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika ya kazi, na hizo ni dakika mbili tofauti kabisa. Dakika moja ya babu mwenye kikohozi inaweza kukula dakika kumi za usiku wako.

Miaka ndiyo inayonisumbua zaidi. Sheria ya kazi ni rahisi: mwaka uandikwe kwa tarakimu. Lakini mtu haongei kwa tarakimu. 1906 kuna anayesema "nineteen oh six", kuna anayesema "nineteen hundred and six", na wazee wa Marekani utawasikia wakisema "aught six", sifuri sita, karne wameiacha nyumbani. Mwalimu wangu wa historia kidato cha pili alikuwa na yake: Maji Maji ilianza "nineteen zero five", na hakuna Mwingereza angemwondoa hapo.

Kisha kuna mwaka wa 2000, ulioharibu mpangilio wote. Mkate haukukatika. "Twenty hundred" haikukaa mdomoni, kwa hivyo wakasema "two thousand". Ikafuata "two thousand and one", labda kwa sababu filamu ya Stanley Kubrick ya 1968, iliyobeba mwaka huo kwenye jina lake, ilikuwa imeshawazoesha watu kuutaja hivyo zaidi ya miaka thelathini kabla haujafika. Wamarekani wengi wanaitupa ile "and", Waingereza wanaing'ang'ania. Kwa miaka kumi Mwingereza akawa anahesabu kama sisi, rundo kwa rundo. Hata ule mwongo wenyewe haukupata jina moja. Wa London walisema "noughties", wa ng'ambo ya bahari wakasema "aughts", na sisi tukasema tu "hizo two thousand and something". Kibaki aliingia Ikulu "two thousand and two". Vurugu za baada ya uchaguzi ni za "two thousand and seven". Sijawahi kumsikia Mkenya akisema "twenty oh seven".

Ilipofika 2010 kisu kikapatikana tena. Kombe la Dunia la Afrika Kusini lilikuwa "twenty ten". Katiba mpya, iliyozinduliwa Agosti 27 mwaka huo huo, nayo ikawa "twenty ten" kwa wengine na "two thousand and ten" kwa wengine, wakati mwingine kwa mtu huyo huyo ndani ya sentensi moja. Kufikia 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais Septemba mosi, hakuna tena aliyekuwa akihesabu. Ilikuwa "twenty seventeen", basi. Ukoo mpya ulikuwa umepata jina.

Na hapo ndipo mimi nilipopata adabu yangu.

*

Mwaka wa 2018 nilipewa faili la mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa akisimulia maisha ya familia yake. Sauti ilikuwa nzuri, mzee aliongea pole pole, nikaona hiyo ni pesa rahisi. Nilichapa saa tatu bila kusimama. Kesho yake faili likarudi na alama nyekundu mahali pamoja. Mzee alikuwa amesema mamake alimzaa kaka yake mkubwa "nineteen fifty". Mimi niliandika 1915.

Mhakiki hakuwa mkali. Aliandika tu kwamba kaka hawezi kuzaliwa kabla ya mama yake, ambaye kurasa mbili juu tumeambiwa alizaliwa 1926. Akaniomba nisikilize tena.

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza. "Nineteen fifty." Nikarudisha tena. Sasa nilisikia hamsini wazi kabisa, nikashangaa jana sikio langu lilikuwa limekwenda wapi.

Hii ni shimo linalojulikana. Kwa Kiingereza kumi na tano na hamsini ni ndugu wawili wanaovaa nguo moja. Kinachowatenganisha ni mahali sauti inapokanyaga: "fifteen" inakanyaga nyuma, "fifty" inakanyaga mbele. Na kuna ile "n" ndogo mwishoni, ambayo mtu akichoka au akiharakisha anaimeza. Ndugu wa namna hii ni wengi: "thirteen" na "thirty", "fourteen" na "forty", mpaka "nineteen" na "ninety". Mwingereza mwenyewe huwachanganya kwenye simu mbovu. Sisi tunaozungumza Kiingereza kwa midomo ya huku, tunaokanyaga silabi zote kwa uzito karibu sawa, tunawachanganya bila hata simu.

Kwa Kiswahili jambo hilo haliwezekani. Hebu jaribu. Kumi na tano. Hamsini. Hata ukiwa mlevi, hata ukiwa kwenye matatu yenye muziki wa kupasua vioo, hakuna atakayesikia moja akadhani ni nyingine.

Nilirekebisha faili. Nikaandika pole. Nikasimama kwenda kupika chai, na maji yakiwa bado hayajachemka nikasikia ndani ya kichwa changu sauti ya Mama kwenye simu: wamemwambia alizaliwa 1915.

Tata ni rika la Mama. Mama alizaliwa 1951.

Nilizima jiko.

*

Nilimaliza kidato cha nne mwaka wa 2003. Januari 2004, nikingoja matokeo, nilipata kibarua. Chama cha kahawa cha kwetu kilikuwa kimenunua kompyuta yake ya kwanza, na rejista za wanachama zilihitaji kuhamishwa kutoka kwenye vitabu. Vilikuwa vitabu vikubwa vya jalada gumu, vyenye harufu ya vumbi na kahawa, vimeandikwa kwa kalamu ya wino na makarani watatu au wanne tofauti kwa miaka mingi. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma kompyuta shuleni, kwa hivyo nikakaa kwenye kibodi. Karani mmoja wa makamo akakaa kando yangu na kitabu mapajani, akawa ananisomea.

Namba. Jina. Kitambulisho. Mwaka wa kuzaliwa. Idadi ya miche. Anayefuata.

Alisoma kwa Kiingereza. Hakuna aliyeamua hivyo, ilitokea tu. Namba za ofisini husomwa kwa Kiingereza, hata na watu ambao hawajasema neno lingine la Kiingereza tangu asubuhi. Na tulikuwa na haraka, kwa sababu tulilipwa kwa ukurasa. "Nineteen fifty" ni pumzi moja. "Elfu moja mia tisa na hamsini" ni silabi zaidi ya kumi. Ukizidisha mara wanachama mia kadhaa, unaona mtu anaokoa nini.

Mchana ofisi ilikuwa inapata joto la mabati. Nje mashine ya kukoboa kahawa ilikuwa inalia. Ninakumbuka karani alikuwa na mazoea ya kushusha sauti mwisho wa kila mstari, kama mtu anayeweka mzigo chini. Ninakumbuka pia kwamba mara kadhaa sikusikia vizuri, na niliandika kile nilichodhani.

Sikumbuki mstari wa Tata. Hilo ndilo linaloniuma. Ningependa kusema kwamba niliuona, kwamba jina lake lilinifanya nisimame. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minane, namba ilikuwa namba, na majina ya kwetu yanafanana. Kitabuni ilikuwa imeandikwa 1950, kwa wino, na karani wa zamani aliyemwuliza Tata mwenyewe. Ikatoka kwenye karatasi ikaingia mdomoni mwa karani wangu. Ikatoka mdomoni ikaingia sikioni mwangu. Ikatoka sikioni ikaingia kwenye mashine, na ilipofika huko ilikuwa imezeeka miaka thelathini na mitano. Tarakimu mpaka tarakimu, zikipitia Kiingereza katikati, kwa watu wawili ambao mmoja angeweza tu kumgeuzia mwenzake kitabu auone mstari.

Kosa lililala miaka kumi na miwili. Mwaka wa 2004 kompyuta ilimwona Tata kama mama wa miaka themanini na tisa, na hakuna ubaya, kwetu wako wengi. Aliendelea kupeleka kahawa, akaendelea kulipwa. Kisha kamati mpya ikaamua kusafisha rejista ili kuondoa wanachama hewa, jambo zuri kabisa, na ikachora mstari kwenye miaka mia. Tata alikuwa ameuvuka mstari huo bila kujua, akiwa shambani na jembe, na miaka yake sitini na sita.

Watu wa kompyuta duniani walishawahi kuogopa jambo la aina hii. Kabla ya Januari mosi 2000 programu nyingi ziliweka mwaka kwa tarakimu mbili tu ili kuokoa nafasi, kama sisi tunavyosema themanini na mbili ili kuokoa pumzi, na ikahofiwa kwamba usiku huo mashine zingeona 00 zikadhani ni 1900. Pesa nyingi zilitumika kurekebisha. Kwetu hakuna aliyetumia chochote. Na ukweli ni kwamba mashine ya chama haikuwa na kosa. Ilishika kile nilichoipa.

*

Nilimpigia Mama usiku huo huo.

"Ile mambo ya Tata na miaka mia iliishaje?"

"Iliisha, lakini ilimsumbua." Safari hii hakucheka. "Alienda kwa chifu akapewa barua. Akaenda kwa wakili akalipa kiapo. Kitambulisho chake kilikuwa kinasema hamsini, lakini hao wa ofisi wakasema labda ni binti anatumia karatasi za mamake. Walimlipa Desemba."

"Na yule msichana?"

"Msichana gani?"

"Wa Form One."

Mama alinyamaza kidogo. "Ile nafasi ya bweni ilipita. Alikaa nyumbani muhula wote. Muhula wa pili akaingia hapa day."

Kila hundi niliyowahi kuiona ina kiasi kilichoandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno, ili kimoja kikidanganya kingine kishuhudie. Kwa pesa hatumwamini mtu. Kwa mwaka wa mtu kuzaliwa tuliamini pumzi moja ya karani aliyechoka na sikio la kijana aliyekuwa akiwaza matokeo ya mtihani.

Sikumwambia Mama chochote kwenye simu. Nilimwambia Desemba, nilipofika nyumbani, tukiwa jikoni. Aliendelea kumenya viazi kwa muda. Halafu akasema, "Enda umwambie. Usiende mikono mitupu."

*

Nilibeba sukari, unga, majani chai na leso. Tata alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha mbao, akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilimsalimia kwa mikono miwili. Akaniuliza habari za Nairobi, akaniuliza nimeoa lini, akaniuliza mbona nimekonda. Mjukuu wake alileta chai, akaiweka juu ya kigoda, akakaa mlangoni na kitabu.

Nilimweleza yote. Nilianza na rejista, nikaja kwa karani, nikaja kwa fifty na fifteen. Tata hakusoma zaidi ya darasa la pili, kwa hivyo ilibidi nimtamkie yale maneno mawili.

"Fifti," nikasema. "Na hii nyingine, fiftini."

"Rudia."

Nikarudia.

"Lakini hilo ni neno moja," akasema.

"Ni mawili, Tata. Moja ni hamsini. Lingine ni kumi na tano."

Akaangua kicheko, kile kicheko chake ninachokijua tangu utotoni, cha kupiga paja. "Kwa hivyo ni wewe uliyenizeesha! Mimi nikifikiri ni serikali."

"Ni mimi, Tata. Nisamehe."

"Wazungu nao! Watu wenye ndege na kila kitu, wameshindwa kutofautisha mtoto na nyanya." Akarusha jiwe dogo alilolitoa kwenye maharagwe. "Hebu nikwambie miaka yangu, ndio siku nyingine uandike vizuri. Mamangu hakujua namba. Alichojua ni kwamba siku walipotuhamisha, wakati wa hali ya hatari, walipochoma nyumba zetu wakatupanga kwenye kijiji cha mtaro, mimi nilikuwa natembea mwenyewe. Dada yangu ndiye aliyekuwa mgongoni. Mamangu alinishika mkono, na huu mwingine ameshika sufuria. Mtu wa kutembea mwenyewe ana miaka mingapi?"

"Mitatu. Minne."

"Sasa hesabu."

Nilihesabu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Watu wa huku waliswagwa kwenye vijiji 1954 na 1955. Mtoto wa miaka minne, anatembea mwenyewe. Hamsini.

"Angekuwa ni huyo wako wa fiftini," akasema, "mimi ndiye ningekuwa nimebeba sufuria."

Kwetu watu walikuwa wakihesabu hivyo. Shosho wangu, mamake Mama, alikuwa mwari mwaka wa njaa ya mihogo, ambao vitabu vinasema ni 1943. Mjomba alizaliwa wakati wa ile mvua kubwa ya kabla ya Uhuru, ambayo ni ya 1961. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni njia ya watu wasiosoma, mtu anatafuta mwaka kwa kupapasa gizani. Nikiwa nimekaa pale na kikombe cha chai, niliona kwamba njaa ya mihogo haiwezi kusikika kama njaa nyingine. Mwaka wa Tata ulikuwa na sufuria ndani yake, na dada mgongoni, na moshi. Mimi ndiye niliyeupokea ukiwa namba tupu, kutoka kwa mtu aliyeshusha sauti mwisho wa mstari.

Tata alinisamehe. Aliniambia hivyo, kisha akanipa maharagwe ya kubeba, na kwetu hakuna msamaha unaozidi huo.

Nilipoinuka kuaga, msichana aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu. Alikuwa kidato cha pili sasa, au alikuwa amekimaliza mwezi uliopita. Hakuwa amecheka pamoja nasi.

"Naweza kuuliza?" akasema.

"Uliza."

"Wakati karani alisoma na hukusikia vizuri. Mbona hukumwambia arudie?"

Tata akamwita jina lake kwa sauti ya kukanya. Nikasema mwache, ni swali zuri.

Nilitaka kumweleza kuhusu mabati na joto, kuhusu mashine ya kukoboa, kuhusu silabi zinazokanyaga mbele na zinazokanyaga nyuma. Nilitaka kumweleza kwamba kazini kwangu sasa tuna alama ya kuweka mahali sauti isiposikika. Unaandika dakika na sekunde, unakiri kwamba hapa sikusikia, na hakuna anayekugombeza. Wanakugombeza ukibahatisha. Ofisini kule hakuna aliyenipa alama kama hiyo, nami sikuiomba.

"Tulikuwa tunalipwa kwa ukurasa," nikamwambia.

Alitikisa kichwa polepole, kama mwanafunzi anayeandika jibu asilolikubali, akarudi kwenye kitabu chake.

*

Siku hizi mtu akinitajia mwaka kwa Kiingereza, kwenye simu, benki, hospitalini na wagonjwa wangu, namrudishia kwa Kiswahili. Anasema "nineteen fifty", nasema hamsini? Anasema "nineteen thirteen", nasema kumi na tatu? Wengine wanaona ni madharau, kana kwamba nadhani hawajui Kiingereza. Wengine wanacheka. Mpokeaji wageni mmoja aliniuliza kama mimi ni mwalimu.

Advansi ya karo ya yule msichana ninamtumia Tata mimi, kila Januari, na Tata huichukulia kama mkopo. Ana daftari lake. Nililiona mara ya mwisho nilipoenda: kila mstari una tarehe na kiasi, na kando ya kila tarakimu, kwa mwandiko wa mjukuu wake, maneno kamili. Elfu mbili na kumi na tisa. Elfu mbili na ishirini. Mstari mmoja unajaza upana wote wa ukurasa.